Fahamu: Corona ilipoingia Kenya, serikali ilimsaidia nani?

Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa. Mwezi uliofuata kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na mwajiriwa wa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi akasamehewa kodi ya mapato.

Kibarua, asiye na mshahara wa kukatwa kodi, nafuu hiyo ya pili haikumgusa. Kwa vijana wa mitaa kama Kibera na Mathare ukaja mpango wa Kazi Mtaani: kuzibua mitaro, kufagia vichochoro, kufyeka nyasi, kisha ujira.

Walioumia zaidi ni wanafunzi. Masomo yalipeperushwa redioni na kwenye runinga, lakini nyumba isiyo na umeme wala redio iliachwa nyuma. Madarasa yote yalifunguliwa Januari 2021, mwezi uleule VAT iliporudi asilimia 16.