Mwalimu kwa Tarakimu: Siku 44, Miaka Karibu 23 na Marathoni Tano kwa Miguu

Mwalimu Julius Nyerere tumezoea kumnukuu. Leo tumpime. Leteni Coaster, viwanja vya mpira, barabara ya Mbeya na kisiwa cha Unguja, tuone nani ataibuka mkubwa.

1. Uongozi mfupi kuliko wote, na mrefu kuliko wote

Rekodi mbili zinazopingana, na zote ni zake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu akiwa waziri mkuu mwenye umri wa miaka 39. Tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama chake, TANU. Hesabu: siku 44! Mfugaji akiweka vifaranga vya kuku wa nyama bandani siku ya uhuru, siku Mwalimu anajiuzulu kuku wameshafika sokoni.

Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 9 Desemba 1962 aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, mwaka 1964 akawa Rais wa Tanzania, na hakuondoka hadi tarehe 5 Novemba 1985 alipompisha Ali Hassan Mwinyi. Hizo ni siku 8,367, karibu mara 190 ya zile za uwaziri mkuu baada ya uhuru. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 siku ya kiapo alikuwa anakaribia 30 siku ya kuagana. Marais waliomfuata, Mwinyi, Mkapa na Kikwete, walikaa miaka 10 kila mmoja. Chukua wawili wowote kati yao, waunganishe, na bado hawamfikii.

2. Ushindi mnono kuliko wote

Uchaguzi wa 1960: viti 71, TANU ikazoa 70. Kile kimoja kilichoponyoka, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, naye mwenyewe alikuwa mwana-TANU aliyegombea dhidi ya mteule wa chama!

Novemba 1962 zikaja kura za urais. Mwalimu alipata zaidi ya 1,127,000 na mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, akapata elfu 21 na ushei. Waite wapiga kura hao viwanjani. Watu wa Mtemvu wangeingia wote Uwanja wa Uhuru, wenye nafasi 23,000, na viti vingine vingebaki vitupu. Watu wa Mwalimu wangeujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua 60,000, mara 18, na wengine wangebaki nje getini.

3. Familia kubwa kuliko zote

Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Hizo ni timu mbili kamili za mpira zikiwa uwanjani, bila wachezaji wa akiba. Mama yake Mwalimu, Bibi Mugaya, alikuwa mke wa tano. Watoto wanaotajwa ni 26: Coaster ingejaa ndugu watupu, na konda asingepata abiria wa kuongeza.

4. Miguu isiyochoka

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, Mwalimu, enzi hizo akiitwa Kambarage, alitoka Butiama kwenda kuanza shule ya Mwisenge, Musoma, umbali wa kilomita 40 na ushei. Kwa mwanariadha hiyo ni marathoni nzima. Kwake ilikuwa njia ya kwenda darasani.

Oktoba 1967 akaivunja rekodi yake mwenyewe. Azimio la Arusha, mwongozo wa siasa ya ujamaa, lilikuwa limepitishwa Februari, vijana nchi nzima wakitembea kuliunga mkono, na rais naye akashika njia kutoka Butiama hadi Mwanza. Alitembea zaidi ya kilomita 200 kwa siku 8. Ni karibu marathoni tano, au urefu wa uwanja wa mpira mara 1,900, na mtembeaji ana miaka 45 na nchi nzima ya kuongoza. Basi huimaliza njia hiyo kwa saa chache, na abiria wakishuka hulalamika kuwa miguu imekufa ganzi.

5. Reli ndefu

TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia: kilomita 1,860. Toka Dar kwa gari hadi Mbeya, geuza, rudi Dar, na bado hujafikia urefu wa reli hiyo! Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalisema mradi haulipi. Nyerere na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia wakaipata China, ikakopesha bila riba. Kazi ilianza Oktoba 1970 na Julai 1976 reli ikakabidhiwa, ikiwa imevuka madaraja 320 hivi. Katika kila kilichojengwa enzi zake, hii ndiyo ninayoipa medali ya kwanza, kwa sababu ilijengwa kuifungulia Zambia njia ya bahari wakati njia za kusini zilikuwa mikononi mwa walowezi na Wareno.

6. Mwenge wa juu kabisa

Usiku wa uhuru Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro, mita 5,895. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ambao upo Scotland alikosomea Mwalimu, una mita 1,345. Panga minne mmoja juu ya mwingine. Kilimanjaro bado unachungulia kwa juu.

7. Uhamisho mkubwa kuliko wote

Hapa sipigi vigelegele. Operesheni Vijiji, mpango wa kuwakusanya watu wa mashambani katika vijiji vya pamoja, ilikolea kati ya 1973 na 1976, na kufikia 1977 watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Dar es Salaam ya sensa ya 2022 ina watu milioni 5.4, kwa hiyo ni zaidi ya Dar mbili. Vijiji vingi vilipata shule, zahanati na bomba la maji. Lakini iliyoanza kwa kushawishi iliishia kwa amri: familia zilipakiwa kwenye malori, nyumba nyingine zikachomwa ili mwenyewe asirudi, na mashamba yakabaki mbali na jembe. Ni rekodi, na iliwaumiza waliohamishwa.

8. Vita iliyokwenda mbali

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera na kutwaa takriban kilomita za mraba 1,800, eneo kubwa kuliko kisiwa cha Unguja. Mwalimu akaamuru majeshi yajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Siku 163, hazitimizi hata msimu mmoja wa ligi! Gharama ilichukua miaka mingi zaidi, na sehemu ya foleni za sukari na sabuni zilizofuata ilitokana nayo.

9. Uwanja mdogo kuliko vyote

Mwalimu alipenda bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, zote zikienea kwenye viganja viwili vya mtu mzima. Mchezaji anachota kete, anazimwaga moja moja shimo kwa shimo, na akili inahesabu mizunguko iliyo mbele kabla mkono haujafika.

10. Jina lililotanda

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa 2019, ina kilomita za mraba 30,893. Rwanda ina 26,338. Iweke Rwanda nzima ndani ya hifadhi, na tembo wangebaki na nafasi ya kupita pembeni. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115 kwa mitambo 9. Mtambo mmoja tu ni megawati 235, wakati bwawa la Kidatu, fahari ya enzi zake, ni 204 kwa mitambo yote!

11. Umbali mfupi kuliko wote

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa na miaka 77. Ndege ikamrudisha, na tarehe 23 Oktoba akazikwa Mwitongo, palepale Butiama alikozaliwa, jirani na makaburi ya wazazi wake. Kutoka kwake hadi kwao ni mwendo wa mtu anayekwenda kwa jirani kuazima chumvi.