Nani anasimamisha gari ili watoto wavuke?

Wamama wenzetu wa Masisi na Walikale,

Kwenye barabara zetu watu wanajua kusimama. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa hesabu ya barieri katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini: 798. Kwenye barieri gari inapunguza mwendo, motari anashusha mguu, mama wa makala anafungua fundo la kitenge chake kutafuta franka. Wale wa Walikale wanakumbuka pia Kilambo, wakati ndege za kasiteriti zilipokuwa zinatua juu ya lami yenyewe, na wenye safari wakangoja pembeni. Kwa kodi tunasimama, kwa madini tulisimama. Lakini saa moja asubuhi, mtoto wa mwaka wa kwanza akitaka kuvuka kwenda masomoni, hakuna anayemsimamishia hata chukudu.

Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure, madarasa yalijaa. Shule nyingine zinafundisha kwa zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana. Saa ya mchana ndiyo tunayoiogopa zaidi: hawa wanatoka na njaa wakikimbia, wale wanaingia wakichelewa, wanakutana katikati ya barabara. Ikiwa ni siku ya soko, Fuso nazo zinapita. Njia ya kutoka Sake kupanda Masisi ina kona nyingi, na dereva anayeshuka na mzigo wa viazi hamwoni mtoto mpaka amfikie. Kule Walikale ni kinyume: pale lami ya zamani ingali nzuri, motari wanajilipa kwa mwendo waliokosa kwenye matope. Tuongeze watoto wa familia zilizohama kwa vita, wanaovuka barabara wasiyoizoea.

Tunawaambia watoto waangalie kushoto na kuume. Ni vizuri, lakini haitoshi. Mtoto wa miaka saba anaona pikipiki. Hawezi kupima itamfikia baada ya muda gani. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote duniani, na linashauri mwendo usipite kilomita 30 kwa saa mahali watoto wanapopita.

Sasa nani awavushe? Polisi wa barabarani, rulaji, tunawaona mjini, vijijini tusiwangojee. Mwalimu yuko darasani, tena wengine wanafundisha bila kuingia kwenye orodha ya mishahara. Kwa kweli anayevusha leo ni dada wa miaka 11, amemshika mdogo wake kila mkono. Huyo naye ni mtoto.

Tunachoomba ni watu wazima wawili, mmoja kila upande, wenye saa inayojulikana, na siyo yeyote aliyepita. Wasimame mbali na kona, mahali dereva anawaona mapema. Watoto wangoje pembeni wawe kundi. Mkubwa aingie barabarani kwanza na bendera au kitambaa cha rangi kali, gari za pande zote mbili zikisimama kabisa ndipo kundi livuke kwa kutembea, bila kukimbia. Filimbi inasaidia wakati wa ukungu.

Jambo moja tunalisisitiza: msiweke kamba wala mti. Dereva wa huku akiona kamba anaingiza mkono mfukoni au anakanyaga mafuta. Na siku ile mtu mmoja atakapopokea franka 500 kwa dereva, kazi yote imekufa. Itakuwa barieri ya 799. Kwa sababu hiyo hatutaki pia mtu mwenye silaha afanye kazi hii.

Malipo? Hapo ndipo maneno yanakuwa mengi. Uingereza, sheria ya 1953 iliwapa wavushaji nguvu ya kusimamisha gari, na serikali za mitaa zikawalipa. Sisi tusidanganyane: pesa hiyo bado haipo, na kuitoza kwa wanafunzi ni kurudisha ada kwa mlango wa nyuma. Lakini wamama wasibebeshwe peke yao kazi nyingine ya bure. Komite ya wazazi, COPA, ipange zamu kama tunavyopanga likelemba, na majina ya akina baba yawe kwenye karatasi hiyo. Anayevusha wiki nzima asamehewe salongo ya wiki hiyo. Salongo yenyewe inaweza kujenga dodane mbili kila upande wa shule, kwa ruhusa ya chifu, za mawe yaliyopangwa vizuri, kwa maana za udongo mvua inazibeba.

Kabla ya mkutano ujao na COPA na direkta wa shule, kila kikundi kichague mahali pamoja tu. Muhesabu kwa wiki moja: watoto wangapi wanavuka asubuhi, mchana na jioni, gari zinatokea upande gani, kona iko umbali wa hatua ngapi. Mama asiyejua kuandika aweke kokoto kwenye ndoo, moja kwa kila mtoto. Muandike pia ni nani anayewavusha sasa hivi, na umri wake.