Kutoka Port Reitz hadi Dubai: kilomita ni zile zile, saa hubadilika

Umbali wa angani kati ya miji miwili hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ambayo huonekana imepinda ikichorwa kwenye ramani bapa kwa sababu dunia yenyewe ni mviringo. Kwa kipimo hicho, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioko Port Reitz huko Changamwe, Mombasa, uko takriban kilomita 3,670 kutoka Dubai, na Muscat nayo iko karibu umbali huo huo. Majahazi yaliyokuja Mombasa kwa kaskazi na kurudi Uarabuni kwa kusi yalikata bahari iliyo katikati kwa majuma kadhaa, tena kwa kungoja msimu.

Ndege ya abiria iendayo kilomita 850 kwa saa ingemaliza mwendo huo kwa saa nne na dakika ishirini hivi, lakini ratiba huonyesha saa tano au zaidi, kwa kuwa muda wa safari huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwingine, na ndani yake mna kupaa, kushuka, upepo, na njia za anga ambazo hazinyooki kama duara kuu. Anayepitia Nairobi huongeza kilomita zipatazo 300 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika chache. Kinachomla muda ni kungoja ndege ya pili.

Saa nayo hupotosha, kwani Dubai iko mbele ya Mombasa kwa saa moja: ndege iliyoondoka saa nane mchana na kuruka saa tano hutua saa mbili usiku kwa saa ya huko, ikaonekana imetumia saa sita, na ikirudi ikaonekana imetumia nne. Tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:30 ni saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa, na anayefika uwanjani Ijumaa jioni amechelewa karibu siku nzima; hapa desturi ya Pwani ya kuutanguliza usiku mbele ya mchana wake inafaa kuliko kalenda ya ukutani.

Hata hivyo, sehemu isiyotabirika zaidi haiko angani. Kutoka Likoni hadi uwanjani, kwa mstari ulionyooka, ni chini ya kilomita kumi, lakini abiria anayepitia kivukoni hungoja feri, hukatiza kisiwa na kuvuka Makupa, wakati yule wa Kisauni huanza na foleni ya daraja la Nyali. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Pwani ya Kusini, ni ndefu kuliko njia ya feri kwa anayetoka Likoni, ila haina feri ya kusubiri, na kwa mwenye ndege ya alfajiri hilo huwa na uzito kuliko kilomita zilizoongezeka.