Pohang: Maji Yalipoamsha Mwamba

Mchana wa tarehe 15 Novemba 2017, mji wa Pohang, ulioko pwani ya mashariki ya Korea Kusini, ulitikiswa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.4. Kuta ziliporomoka, watu zaidi ya mia moja walijeruhiwa, na familia nyingi zilihama nyumba zao. Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, uliokuwa ufanyike siku iliyofuata, uliahirishwa kwa wiki nzima nchini kote.

Karibu na mji huo palikuwa na mradi wa umeme wa jotoardhi. Visima viwili vyenye kina cha zaidi ya kilomita 4 vilichimbwa hadi kwenye mwamba wenye joto kali. Kule Olkaria, nchini Kenya, mvuke umo ardhini kwa maumbile yake. Lakini mwamba wa Pohang ulihitaji kufunguliwa nyufa kwa maji yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa.

Ndugu msomaji, hatari ilitoka wapi? Ardhini mna mipasuko ya kale, ambayo pande zake zimebanana mfano wa viganja viwili vilivyokandamizwa. Mbano huo ndio unaozizuia kuteleza. Maji yakipenya kati yake, mbano hupungua, na nguvu iliyolimbikizwa kwa zama nyingi hufumuka ghafla. Maji hayaiumbi nguvu hiyo, bali huifungulia mlango.

Dalili zilitangulia. Mwezi Aprili 2017, baada ya maji kusukumwa, lilitokea tetemeko lililozidi ukubwa wa 3. Hata hivyo, kazi iliendelea tena mwezi Agosti, hadi Septemba. Miezi miwili baadaye mji ukatikisika. Mwezi Machi 2019, jopo la wataalamu lililoundwa na serikali lilihitimisha kuwa mradi ndio ulioliamsha tetemeko.

Mjini Basel, Uswisi, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Desemba 2006, mradi wa aina hiyohiyo ulisababisha tetemeko la 3.4. Ulisimamishwa, na baadaye ukafutwa kabisa.

Nishati isiyochafua hewa ni jambo jema, na wanaoitafuta hawastahili lawama kwa kuitafuta. Lakini faida yake huenea kwa taifa zima, ilhali hatari humkalia jirani wa kisima. Basi jirani huyo ana haki ya kuambiwa kila mtikisiko unaopimwa, na kujua mapema ni kiwango gani kikifikiwa pampu zitazimwa.