SI KILA JIVU NI MBOLEA

Wanachama wenzetu, mkulima akisikia kuna mbolea bandarini huuliza bei, na hapana wa kumlaumu. Lakini leo twapenda kuwaeleza habari za mbolea moja iliyopelekwa kwa watu wa visiwani kama sisi, ili kila mmoja wetu ajue lipi la kuuliza kabla ya bei.

Mwezi wa Septemba 1986 meli iitwayo Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, imepakia tani zipatazo 14,000 za majivu. Mji ule ulikuwa ukichoma taka zake katika matanuri makubwa, na majivu yakakosa pahala pa kuwekwa. Meli ilikusudia Bahamas, ikakataliwa. Ikabisha hodi nchi moja baada ya nyengine, na kila mlango ukafungwa. Januari 1988 ikafika Gonaïves, Haiti, na katika makaratasi mzigo ukaitwa mbolea. Tani zipatazo 4,000 zilikwisha mwagwa ufukoni serikali ilipotambua na kuamuru zipakiwe tena. Meli haikungoja, iliondoka usiku na kuyaacha majivu pale pale. Ilibadilishwa jina, na ilipoonekana Singapore mwezi wa Novemba mwaka ule ule, haikuwa na kitu ndani. Baadaye ilielezwa mahakamani Marekani kuwa majivu yaliyosalia yalitupwa baharini, mengine katika Bahari ya Atlantiki na mengine katika Bahari hii ya Hindi. Wakubwa wawili wa shughuli hiyo walitiwa hatiani mwaka 1993 kwa kusema uongo baada ya kula kiapo.

Huenda mwanachama akauliza: majivu yana ubaya gani, nasi twayatia shambani tangu enzi za wazee wetu? Swali hili ni la haki, na jawabu lake ndilo kiini cha makala haya.

Wazee husema moto huzaa majivu. Twaongeza kuwa mtoto huyu hurithi kile kilichotiwa motoni. Jivu la kuni ni chakula cha mti kilichorudi, nalo lina chokaa na chumvi zinazofaa udongo. Lakini taka za mji zina betri, rangi, nyaya, bati, plastiki na vyombo vya umeme vilivyoharibika. Humo mna madini mazito, yaani risasi, kadimi, zebaki na wenziwe. Moto hula karatasi na maganda, lakini madini hauwezi kuyamaliza. Zebaki nyingi hupanda na moshi. Risasi na kadimi kwa sehemu kubwa hubaki. Tani 4 za taka zikichomwa hutoa tani 1 ya majivu au kupita kidogo. Basi madini yaliyokuwa yametawanyika katika tani 4 sasa yamekusanyika katika moja. Tena majivu mepesi yanayonaswa katika dohani ndiyo mabaya zaidi kuliko yale mazito yabakiayo chini ya tanuri.

Majivu hayo yakizikwa jaani, mvua huja. Maji hupenya katikati ya chungu, huyeyusha sehemu ya madini, kisha hushuka nayo. Taka zinazooza zikichanganywa na majivu, hutoa uchachu, na uchachu huyeyusha madini haraka zaidi. Kwa sababu hiyo jaa lililojengwa sawasawa hutandikwa udongo mzito wa mfinyanzi na plastiki nene, na huwekwa mabomba ya kukusanya maji yake ili yasafishwe. Pasipo matandiko hayo, maji huendelea chini mpaka yafikie maji ya visima. Nasi twajua kuwa penye mawe ya matumbawe maji hupita upesi.

Risasi hudhuru akili za watoto, hata ikiwa kidogo. Kadimi hukaa mwilini miaka mingi na kuharibu mafigo, na mizizi ya mimea huivuta kwa wepesi kuliko risasi, hasa katika udongo wenye uchachu. Wakulima wa mpunga wa Toyama, Japani, waliyajua hayo kwa machungu. Huko kadimi ilitoka katika mgodi, si katika majivu, lakini njia ilikuwa ile ile: maji, udongo, chakula. Mwaka 1968 serikali yao ilikiri kuwa ndiyo iliyovunja mifupa ya watu.

Wamarekani wenyewe walibishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 1994 Mahakama Kuu yao iliamua kuwa majivu ya matanuri ya mji hayana msamaha: lazima yapimwe, na yakionekana yana sumu yapelekwe kwenye majaa ya sumu. Yale ya Gonaïves yaliondolewa mwaka 2000, na mwaka 2002 yakazikwa katika jaa la Pennsylvania, jimbo yalikotoka. Wapimaji walisema hayakuvuka kiwango cha sumu. Hatubishani nao. Twasema tu kuwa kipimo hueleza kilichobaki katika chungu siku ya kupimwa. Hakielezi upepo na mvua vilichukua nini katika miaka 12 ya nyuma.

Jambo hili lagusa pia mfuko wetu. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya umeweka kuwa karafuu isizidi miligramu 1 ya risasi kwa kila kilo. Hiyo ni sehemu moja katika milioni. Mnunuzi haoni risasi kwa macho, wala sisi hatuioni, lakini mashine yake huiona. Na karafuu ikikataliwa, jasho la mchumaji limekwenda bure.

Kwa hivyo twawanasihi wanachama wote:

Tieni shambani jivu la kuni na makuti, msitie jivu la jaani wala la taka zilizochomwa nyuma ya nyumba.

Msianike karafuu karibu na pahala panapochomwa taka, kwani vumbi la jivu hutua juu ya majamvi.

Betri, rangi na nyaya zisitiwe motoni, wala zisizikwe karibu na kisima.

Likitajwa jaa jipya au tanuri la kuchomea taka karibu nanyi, ulizeni mapema majivu yatawekwa wapi, chini patatandikwa nini, na nani atakayepima maji ya visima mwaka hata mwaka.

Na mtu akikuletea mbolea ya rangi ya jivu, hata ikiwa bure, muulize kwanza: kilichochomwa ni nini? Akishindwa kujibu, mwache aondoke na magunia yake yote.