Picha za Kale za Kisumu na Kondele: Nani Atazitunza?

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi makarani twaipenda sana methali hii, na kwa kawaida huikumbuka tunapohesabu fedha, ng'ombe au magunia ya mahindi. Leo nawaomba wasomaji waifikirie kwa mali nyingine, iliyomo karibu katika kila nyumba ya mji wetu, wala haikuandikwa katika daftari lo lote. Nasema juu ya picha za kale, zile zilizolala chini ya masanduku, nyuma ya vioo ukutani, na katikati ya kurasa za Biblia na Kurani.

Picha hizi zinapungua mwaka hata mwaka. Nyingine huliwa na mchwa, nyingine huoza kwa unyevu wa ziwa, na nyingine huchomwa pamoja na takataka siku nyumba inapovunjwa au mwenyewe anapofariki. Hata ile inayosalimika hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake siku anapokufa mzee wa mwisho awezaye kusema, "Huyu ni fulani, na hapa ni mahali fulani." Kwa hiyo shauri hili halifai kuahirishwa.

PICHA ZA MWANZO, NA MAHALI ZILIPO

Habari za Kisumu zimefuatana na picha tangu mwanzo wa mji. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ufukoni kwa ziwa mwezi wa Desemba 1901. Mahali pale pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia kazi ya kulaza reli. Kazi ile ilikuwa na mpiga picha wake, William D. Young, aliyepiga picha za madaraja, makambi na vibarua. Baadaye zikaja picha za meli, kama vile Winifred, Sybil na Clement Hill, zilizoletwa vipande vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa papa hapa Kisumu. Katika miaka ya 1930 ndege za shirika la Imperial Airways zilikuwa zikitua juu ya maji ya ziwa, na wenye kamera hawakuziacha zipite.

Je, picha za namna hii ziko wapi leo? Nyingi ziko mbali. Mwingereza mmoja, Humphrey Winterton, alikusanya picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, zilizopigwa kati ya 1860 na 1960. Mkusanyo huo ulichukuliwa mwaka wa 2002 na Chuo Kikuu cha Northwestern, katika mji wa Evanston, Marekani, nacho kikaziweka katika mtandao ili watu wote wazione. Picha nyingine ziko Oxford, Uingereza, katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers. Humo zimo zile za Bwana C. W. Hobley, aliyekuwa mtawala katika nchi hii reli ilipofika, na zile za Profesa E. E. Evans-Pritchard, aliyesafiri katika nchi ya Waluo mwaka wa 1936.

Nchini mwetu ziko Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, na Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Hapa Kisumu tuna jumba letu la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1980. Kwa hiyo mtu asidhani ya kuwa kazi yote haijaanzwa. Lakini atazamaye kwa makini ataona upungufu mmoja mkubwa.

KONDELE HAIONEKANI

Katika picha hizo za zamani tunaona gati, stesheni, meli, nyumba za maofisa na magwaride ya siku za sherehe. Wapiga picha wa zamani walielekeza kamera zao pale palipokuwa na kazi ya serikali au ya biashara kubwa. Makazi ya Waafrika pembeni mwa mji hawakuyajali. Hata mitaa kama Manyatta na Nyalenda ilikaa nje ya mpaka wa manispaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka uliposogezwa. Mahali pasipokuwa mjini kwa hesabu ya ofisi, hapakuwa na afisa wa kuagiza pigwe picha.

Hii ndiyo sababu mtu akitaka kuona jinsi Kondele ilivyokuwa kabla ya barabara pana na daraja la magari lililopo sasa, hatapata mengi katika makabati ya Oxford wala ya Nairobi. Itampasa aende kwa mama mzee, amwombe kwa heshima afungue sanduku. Humo atakuta picha ya arusi, na nyuma ya bibi arusi ataona duka la mabati ambalo leo halipo. Atakuta picha ya vijana na baiskeli mpya, na nyuma yao barabara ya Kakamega ikiwa bado ya murram. Atakuta kikundi cha akina mama siku ya soko la Kibuye. Aliyepiga picha alitaka kuonyesha nguo na nyuso tu. Mji uliingia bila kualikwa, na sasa ushahidi wa mji umo humo.

Basi picha za jamaa zetu ni kumbukumbu za mji pia. Zikipotea hizi, hakuna nakala nyingine mahali po pote.

JINA NI NUSU YA PICHA

Mwaka wa 2007 lilifanyika jambo la kutufundisha. Watafiti wawili, Gilbert Oteyo na Christopher Morton, walichukua nakala za picha za Waluo zilizomo Oxford, wakazirudisha Nyanza na kuzionyesha hadharani kwa watu wa nchi zile zile zilikopigwa. Maonyesho hayo yaliitwa Paro Manene, maana yake kwa Kijaluo ni kukumbuka mambo ya kale. Picha alizopiga Evans-Pritchard zilikuwa zimekaa ng'ambo kwa muda wa miaka 71.

Tazama tofauti iliyopo. Katika siku za ukoloni, Wazungu waliwaita Waluo na jirani zao Waluhya kwa jina moja la "Kavirondo," na picha nyingi zikaandikwa hivyo tu: mtu wa Kavirondo, nyumba ya Kavirondo. Aliyepigwa alikuwa na jina, baba, ukoo na kijiji, lakini aliyeandika hakuuliza. Jumba la makumbusho laweza kuhifadhi karatasi kwa miaka 100 isiguswe na mdudu, lakini haliwezi kujua jina ambalo halikuandikwa. Mwenye kujua ni mjukuu, na mjukuu naye hatakaa milele.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Ni wangapi kati yetu walioandika majina nyuma ya picha za baba zao? Ofisini twajua ya kuwa faili lisilo na anwani ni faili lililopotea, hata likiwa juu ya meza. Picha isiyo na jina ni hivyo hivyo.

NAMNA YA KUZITUNZA

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yafaa kufuata mambo haya.

Kwanza, nawa mikono na kuikausha, kisha ushike picha kwa kingo zake. Mafuta ya vidole huacha alama ambayo haitoki.

Pili, andika nyuma kwa penseli laini, taratibu, bila kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, kwa maana wino hupenya au huchafua picha iliyo jirani. Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na jina la mtu aliyekupa habari. Kama mwaka haujulikani, andika tukio: "kabla ya Uhuru," au "mwaka alipozaliwa kifungua mimba."

Tatu, usitumie gundi wala utepe wa kunata, wala usiifunge picha ya asili ndani ya plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Vitu hivyo huonekana kuwa ulinzi, kumbe ndivyo viharibuvyo, wala haviondoki tena. Weka kila picha katika bahasha ya karatasi safi, kisha zote katika sanduku lenye kifuniko, mbali na sakafu, jiko na dirisha. Picha iliyopachikwa ukutani penye jua hufifia. Zile za rangi za miaka ya 1970 na 1980 hubadilika upesi kuliko za rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo zinakiliwe mapema.

Nne, zikilowa maji, usikate tamaa. Mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipanda mno na kuingia katika makazi ya ufukoni. Picha iliyoloa ioshwe kwa maji safi ya baridi, ilazwe juu ya kitambaa safi ikitazama juu, kivulini penye hewa. Zilizogandamana zisibanduliwe zikiwa kavu kwa nguvu. Iliyoshikamana na kioo iachwe humo humo, ipigwe picha juu ya kioo.

Tano, fanya nakala. Mashine ya skana ni bora, nayo iwekwe kwenye nukta 600 kwa kila inchi. Pasipo skana, simu ya mkononi yatosha: laza picha mezani, karibu na mlango, pasipo jua kali, ushike simu sawasawa juu yake. Weka nakala mahali patatu, kama vile katika kompyuta, katika kijiti cha kumbukumbu, na kwa ndugu akaaye mji mwingine. Nakala iliyomo katika simu moja tu haijahifadhiwa. Simu ikiibwa Kondele jioni, imekwenda na babu yako.

Kama unazo zile filamu ambazo picha zilisafishwa kutokana nazo, usizitupe. Hizo ni bora kuliko picha yenyewe. Ndugu zetu wa Zanzibar walifaidika kwa hazina ya duka moja, Capital Art Studio, lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka wa 1930 na kuendelezwa na mwanawe. Kwa kuwa kazi ya duka ilihifadhiwa, watu waliweza kwenda kujipatia nakala za mji wa babu zao. Walio na urithi wa maduka ya picha ya Kisumu wafikiri neno hili kabla ya kufagia ghala.

KUSHIRIKIANA BILA KUDHULUMIANA

Wazee wengi wanakataa kutoa picha, na wana haki. Wamekwisha kuazima, wakaahidiwa, na picha haikurudi. Dawa yake ni moja: picha ya asili isitoke mbele ya macho ya mwenyewe. Anayetaka nakala na aje na simu au skana yake, anakili pale pale, kisha arudishe picha mkononi na kuacha nakala iliyosafishwa kuwa asante.

Sheria nayo ina neno lake. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, picha hulindwa kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa watu, kwa kufuata tukio la mwisho kati ya hayo. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yampa mtu aliye hai haki juu ya habari zake. Basi kabla ya kutangaza picha mtandaoni, uliza.

Tena ziko picha zenye uchungu. Hospitali kubwa iliyo karibu na Kondele, ambayo watu huiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Urusi, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 25 Oktoba 1969. Siku ile palitokea maneno makali kati yake na Bwana Oginga Odinga mbele ya umati. Ghasia zikazuka, risasi zikapigwa, na watu wakauawa, wakiwamo watoto. Ziko nyumba ambamo picha moja ya studio ndiyo yote iliyobaki ya mtoto wa siku ile.

Wengine husema picha za namna hiyo zifichwe zisije zikaamsha chuki. Mimi naona kuwa kuharibu ushahidi hakukupoza jeraha lo lote. Picha na zitunzwe, majina na yaandikwe, lakini zisionyeshwe bila idhini ya jamaa, na anayeandika maelezo aandike yale yanayojulikana tu, asiongeze la chuki wala la kujipendekeza.

LA KUFANYA

Kisumu ilipata cheo cha jiji mwaka wa 2001, baada ya miaka 100 tangu reli ifike. Jiji hujengwa upya kila siku. Masoko huhamishwa, barabara hupanuliwa, nyumba za udongo hugeuka ghorofa. Hatuwezi kuzuia mabadiliko hayo, wala hatutaki. Lakini twaweza kujua kilichokuwapo kabla yake.

Basi kila kanisa, kila msikiti, kila shule na kila chama cha akiba na kiweke siku moja ya picha. Watu walete masanduku yao, wazee wakae vitini, na vijana waliomaliza shule wachukue simu, penseli na daftari. Mmoja anakili, mwingine anaandika majina. Zikikusanyika, nakala moja ya orodha ipelekwe kwenye jumba la makumbusho, nyingine ibaki kwa wenye picha.

Na kama hakuna siku iliyowekwa mtaani kwenu, usingoje. Jumapili hii, ukimaliza chakula, mwendee mzee wa nyumba yenu na picha moja tu mkononi. Muulize, "Mzee, hawa ni akina nani?" Kisha nyamaza, uandike.