Cheki Usukani Kabla Utoe Ganji

Wasee wa Kagio, Baricho na Kutus, skizeni hii. Saa hii stori ya kununua ndai ya stima imeshika mtaani, na Nissan Leaf ya mtumba ndiyo watu wengi wanalenga. Ukifika kwa broka utaambiwa haraka kwamba hiyo ndai inajiendesha. Zii. Hakuna Leaf inajiendesha. Kuna Leaf iko na mfumo wa kusaidia dere, na kuna Leaf haina, na zote mbili zinaeza kuwa za mwaka mmoja, rangi moja, umbo moja. Ukilipa bei ya ile iko nao na upewe ile haina, hiyo ganji imeenda.

Juu ya nini Leaf? Kanairo watu walianza kuizoea zamani. NopeaRide, kampuni ya teksi, walianza kubeba abiria na hizo ndai 2018, wakafunga 2022. Zinatoka Japan, usukani uko kulia kama zetu, na ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulishushwa 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10. KEBS nao, kwa kanuni yao ya KS 1515, wanakataa gari limepitisha miaka nane. Ndiyo maana zile unapata zikiingia ni za kizazi cha pili, kenye kilianza kuuzwa Japan Oktoba 2017 na betri ya 40 kWh. Wamarekani waliipima hiyo betri ikiwa mpya wakapata kilomita 243, na kutoka Kagio hadi Kanairo ni kama 100, kwa hivyo unafika fiti. Betri ya mtumba ni stori ingine, utahesabu zile baa 12 za dashibodi na utoke na fundi mwenye anajua. Mimi leo nataka tuongee kuhusu kenye watu wanasahau kucheki.

Japan hiyo Leaf ilianza kuuzwa kwa madaraja matatu: S, X na G. Mfumo unaitwa ProPILOT. Unashika mwendo wenye umeset, unafuata gari la mbele kwa umbali, na unasaidia usukani ubaki katikati ya mistari ya barabara. G ilikuja nao moja kwa moja. Kwa X ulikuwa wa kuongezewa, mwenye gari alilipa zaidi kama aliutaka. S haikuwa nao. Kwa hivyo mtu akikuambia ako na "Leaf X ya 2018" bado hajakuambia kitu. Kuna msee huko Yokohama ama Osaka aliamua siku ananunua, na huwezi rudi nyuma ukamwamulia.

Ingia ndani ya ndai. Upande wa kulia wa usukani tafuta kidude cha bluu chenye alama ya ProPILOT. Kikikosa, maliza stori hapo. Kikiwepo, teremsha macho kwa mguu wa kushoto. Ukipata pedali ya ziada huko chini, hiyo ni hendibreki ya mguu, na Leaf yenye hendibreki ya mguu haina ProPILOT. Zenye iko nao zina hendibreki ya stima, kaswichi kadogo hapo kati ya viti, juu mfumo ukisimamisha gari nyuma ya lori lazima ueze kulishikilia lisiteleze bila wewe kukanyaga. Huo mtihani wa mguu naupenda kuliko yote. Usukani unaeza kubadilishwa karakana na ukatolewa kwa ndai ingine, lakini hakuna mtu atajisumbua kutoa pedali ya hendibreki ndiyo akudanganye.

ProPILOT Park ni kitu ingine kabisa, na mabroka wanazichanganya kila siku. Hiyo ni ya kuegesha pekee. Inatumia kamera nne na sensa 12 za kuzunguka gari, na iko na swichi yake ya herufi P yenye unashikilia hadi ndai imalize kuingia. Unaeza kupata Leaf iko na moja na haina ile ingine. Inama uangalie chini ya vioo vya pembeni. Kama hakuna vijikamera huko, sahau picha ya kuona ndai yako kutoka juu.

Usibabaishwe pia na kamera imekaa juu ya windiskrini, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma. Hata S iko nayo, juu ndiyo inaonea breki ya dharura, ile inajikanyaga yenyewe. Lakini hapo ndipo kuna ngori yenye wengi hawaioni. Barabara zetu za Kirinyaga zina malori za mchanga na mawe, na kioo cha mbele kupasuka ni kitu ya kawaida. Kikibadilishwa, kamera lazima ipangwe upya na mashine, si kwa macho ya fundi. Ikipinda digrii moja tu, kwa umbali wa mita 50 inakosea karibu sentimita 87. Hiyo ni tofauti ya kuona nduthi iko mbele yako ama iko kando. Angalia chapa za vioo kwa kona zake: kama cha mbele ni cha kampuni tofauti na vile vya milango, uliza nani alikiweka na kama kamera ilipangwa. Na ukishanunua, usibandike stika yoyote mbele ya hiyo kamera.

Ndai ikiwa bado haijatoka Japan, dai karatasi ya mnada. Hiyo karatasi inaonyesha daraja, mikwaruzo, na kama imeandikwa R ama RA jua iligongwa ikarekebishwa. Vifaa vya ziada viko hapo kwa Kijapani. Elekeza simu yako itafsiri, ama tafuta hizi herufi mwenyewe: プロパイロット. Broka akikataa kukupa karatasi, hepa.

Kisha iendeshe. Usiijaribie kati ya Kagio na soko, juu mfumo unataka mistari ya rangi yenye inaonekana. Omba mwenye ndai mshuke hadi Sagana muingie ile barabara kubwa ya Kenol–Marua, kilomita 84 za njia mbilimbili. Bonyeza kile kidude cha bluu, set mwendo. Zile za Japan za wakati huo zinakubali kama kilomita 30 hadi 100 kwa saa. Alama ya usukani kwa dashibodi ikigeuka kijani, imeshika mistari. Ikibaki kijivu kilomita nzima na barabara imechorwa poa, kuna shida. Mikono ibaki kwa usukani, la sivyo itakulilia. Maandishi mengi yatakuwa Kijapani, kwa hivyo beba mtu amezoea ama simu ya kutafsiri. Na ujue hii kitu: ukiwasha waipa mfululizo, usaidizi wa usukani unalala. Mvua ya Aprili ikianza kumwagika huku, ni wewe na mikono yako.

Sasa nawaambia kenye naamini. Kwa mtu anaishi Kagio, ProPILOT si kitu ya kuongezea ganji mob. Utaitumia ukienda Kanairo, basi. Breki ya dharura na kamera za kuzunguka ndizo zitakuokoa siku ya soko, makreti ya nyanya yakiwa kando ya lami, mamathe wakivuka na mizigo, na bodaboda wakichomoka kutoka pande zote. Lakini hata hiyo breki ina mipaka. Ilitengenezewa kuona magari na watu wazima. Kitabu cha Nissan kinaonya usiitegemee kwa wanyama, waendesha baiskeli ama watoto wadogo, na sisi huku tunaishi na mikokoteni ya punda kila kona, na watoto wa shule wanatembea kando ya barabara asubuhi giza halijaisha. Mtu yeyote amewahi kuona ajali kwa barabara zetu anajua hapo hakuna nafasi ya kuachia mashine kazi ya macho yako. Nawaomba sana, mkishapata hizi ndai, msizikubalie ziwalegeze.

Kwa wale wanaota Tesla, mfumo wake unakaa kwa programu, na programu inaeza kutolewa kutoka mbali. Huko Marekani kuna msee alinunua Model S ya mtumba, mwenye kuuza akaitangaza na vifaa vyote, halafu kampuni ikazizima. Zilirudishwa baada ya stori kuvuma. Kwa Tesla, basi, amini kenye skrini yenyewe inaonyesha siku unalipa, na upige picha.

Ukifika kwa mkataba, usikubali iandikwe tu "Nissan Leaf 2018". Andika daraja, namba ya chesesi yenye inaanza na ZE1, ProPILOT iko ama haiko, ProPILOT Park iko ama haiko, kioo cha mbele ni cha asili ama kilibadilishwa. Muuzaji asaini hapo chini na picha ya usukani na ya pedali ziwe zimeambatishwa. Ndiyo utume pesa.